Ngozi ya Jirani

"Tundu lenyewe ni la vidole vitatu. Mbona mwataka kumkata nusu ya kitwa?"

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa ameketi kwenye baraza la wadi, pindo la buibui lake bado bichi kwa maji ya bahari, kwani mashua iliyowaleta kutoka kisiwa cha Pate ilipigwa na mawimbi njia nzima. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi ya idhini na kalamu. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa mwaka wa 11. Nilishasimama kando ya meza mara nyingi ngozi ikikatwa, ikiinuliwa na kuzungushwa, na bado sikuwa na jibu la kumpa mzazi. Nilikuwa na jibu la mtihani tu.

Kijana wake alikuwa na miaka 10. Walikuwa wakitweka tanga, kamba ikachopoka mikononi mwa mtu, na gofia, lile kapi la tanga, ikamshukia mtoto utosini. Jeraha lilijazwa unga wa kahawa, likafungwa kitambaa, na kwa siku za kwanza likaonekana limekauka vizuri. Chini yake lilikuwa linaoza. Walipofika kwetu Lamu, tulipoosha na kuondoa ngozi iliyokufa, tulikuta fupa la kichwa liko wazi, jeupe na kavu kama kombe lililotupwa ufuoni. Hata ule utando mwembamba unaolivika fupa ulikuwa umekwenda.

Weka vidole viwili utosini mwako ujaribu kuifinya ngozi ikunjike. Haikubali. Fanya hivyo hivyo shingoni au shavuni, inakuja yenyewe. Chini ya ngozi ya kichwa kuna utando mgumu unaoitwa galea, nao hautanuki. Kwa hiyo jeraha la upana ule huwezi kulivuta pande mbili ukalifunga kama mdomo wa gunia.

Kupandikiza ngozi ya pajani, jambo ambalo watu wengi wamelisikia, nako kusingefaa. Ngozi ya kupandikiza hufika mikono mitupu. Hukatwa kabisa na mahali ilipoota, na siku mbili tatu za mwanzo huishi kwa unyevu inaounyonya kutoka chini yake, mpaka mishipa midogo ya damu iingie. Juu ya nyama nyekundu hushika vizuri. Juu ya fupa lililovuliwa utando wake hakuna cha kunyonya, hukauka ikabanduka.

Daktari mpasuaji aliyekuwa amekuja kwa kambi ya matibabu ya wiki moja alisema lazima tufanye flapu ya kuzungusha. Flapu ni kipande cha ngozi, pamoja na mafuta na tabaka zilizo chini yake, kinachokatwa pande zote isipokuwa moja. Upande huo usiokatwa ndio shina lake. Damu inaingia kwa hapo na kutoka kwa hapo. Kipande kinainuliwa, kinazungushwa juu ya shina hilo kama mlango juu ya bawaba, kinakwenda kulifunika jeraha lililo kando yake.

Hayo ndiyo niliyomwambia yule mama, kwa maneno makubwa zaidi na kwa haraka zaidi. Alinitazama kwa upole, akanirudishia kalamu.

Mama yangu hushona kofia, kama watu wengi wa Lamu, na asubuhi hiyo alikuwa amenipa kofia moja nimpelekee mteja wake wa Mkomani. Ilikuwa mkobani. Niliitoa nikaivisha goti langu. Kwa kidole nikachora pembetatu juu yake: hili ndilo jeraha. Kisha nikaanza kwenye kona moja ya pembetatu, nikaburuta kidole polepole kwa mzunguko, nikashuka nyuma ya kofia mpaka karibu na ukingo. Nikamwambia: ngozi yote iliyo ndani ya mstari huu itasogea mbele kidogo kidogo mpaka ilifunike fupa. Tukikata kifupi, kipande kitavutwa kwa nguvu, na ngozi iliyokazwa hufa. Tukikata kirefu, ni kama mchango wa harusi. Kila mmoja anatoa kidogo na hakuna anayeumia.

Aliiangalia kofia. Akaipitisha kidole mwenyewe, mzunguko uleule.

"Yaani jirani ndiye atakayemfunika."

"Ndiye huyo, mama."

Akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama ni kweli watamtia plastiki, maana kazi hii huitwa upasuaji wa plastiki. Nilimweleza kwamba neno hilo katika upasuaji ni la zamani kuliko ndoo na mifuko. Limetoka kwa Wayunani, na maana yake ni kufinyanga. Hakuna plastiki inayoingia mwilini kwa kazi kama hii. Ni ngozi yake mwenyewe. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi sana tangu wakati huo, na sasa nalijibu kabla halijaulizwa, kwa sababu wapo wanaorudi nyumbani nalo kimya na hawarudi tena.

Akatia sahihi.

Kofia ilinifundisha nusu ya kazi hii. Nusu ya pili nilifundishwa Malindi miaka mingi kabla, na aliyelipa gharama ya somo ni mgonjwa.

Nilikuwa mgeni kazini. Mgonjwa alikuwa mgema, mtu wa makamo, aliyeanguka kutoka mnazini akapooza miguu yote miwili. Kulala chali kwa wiki nyingi nyumbani kulimtoboa. Alikuwa na kidonda juu kidogo ya matako, pale fupa la chini la mgongo linapokaribia ngozi, kikubwa cha kuingia ngumi. Alifanyiwa flapu ya kuzungusha kutoka tako la kulia, nusu duara kubwa la ngozi na nyama, likazungushwa kuelekea katikati. Niliiona ikishonwa, nikadhani kazi imekwisha. Ilionekana kama kiraka kizuri kwenye nguo nzuri.

Daktari aliacha maagizo mawili: asilale chali, na ule mrija unaotoa damu chini ya flapu usizibe. Zamu ya usiku nilikuwa na wadi nzima. Umeme ulikatika saa nne. Nilipita kwake na tochi kila baada ya saa mbili, nikamulika, nikaandika kwenye faili: rangi nzuri. Vitabu nilivyosomea vilisema flapu inayokosa damu huwa nyeupe, na inayojaa damu isiyotoka huwa ya buluu. Ngozi ya mgonjwa wangu ilikuwa nyeusi ya kung'aa. Haikuwa nyeupe wala ya buluu saa sita, haikuwa hivyo saa nane, haikuwa hivyo saa kumi. Kwa hiyo niliandika rangi nzuri mara zote, na sikuigusa hata mara moja.

Alfajiri mkewe, aliyelala sakafuni kando ya kitanda, aliamka kumpangusa mumewe kwa kitambaa cha maji moto. Akaniita. "Sista, hapa ni baridi. Kwengine kote pana joto, hapa ni baridi."

Mrija ulikuwa umekunjika chini ya paja lake tangu sijui saa ngapi. Damu ilijikusanya chini ya flapu, ikaisukuma juu mpaka ngozi ikakaza kama ya ngoma. Daktari alikuja akafungua nyuzi palepale wadini, akatoa donge la damu la kujaza kiganja. Sehemu kubwa ya flapu ilirudi. Ukingo wa mbele, ule ulio mbali zaidi na shina, upana wa vidole viwili, ulikuwa mweusi wa makaa baada ya siku nne, na ulikatwa. Mgonjwa alikaa wodini wiki saba zaidi ya ilivyotarajiwa, akioshwa kidonda kila siku.

Nilimwambia ukweli. Sikuambiwa na mtu nimwambie. Nilimwambia kwamba usiku ule nilitazama bila kugusa, na kwamba mrija ulikunjika katika zamu yangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nimgeuze upande wa dirisha.

Nguo haina damu. Unaweza kukata kitambaa popote, ukakivuta kwa nguvu yoyote, ukakifunga kokote, na kesho kitakuwa vilevile. Flapu ni kitu hai kilichoachiwa mlango mmoja, na kila tunachokifanya baada ya kuikata ni kuulinda mlango huo. Unaweza kuzibwa na uzi uliokazwa, na bendeji, na donge la damu, na uzito wa mgonjwa mwenyewe anapojigeuza usingizini. Tena ukingo ulio mbali na shina ndio wa kwanza kuumia, nao ndio uliopelekwa kufunika kidonda, ndio tuliouhitaji kuliko wote.

Basi siku ya upasuaji wa yule kijana wa Pate nilisimama mezani nikiwa na yule mgema moyoni.

Daktari alianza kwa kupanga kinyumenyume, kitu ambacho ningependa kila mwanafunzi akione. Alikunja kipande cha shashi, akakishika kwa kidole cha mkono mmoja pale shina litakapokuwa, nyuma ya sikio, na kwa mkono mwingine akakipeleka mpaka ncha ya mbali ya jeraha. Kisha, bila kuinua kile kidole cha kwanza, akakirudisha nyuma mpaka kwenye ngozi nzima. Ncha ya shashi ikionekana fupi, hiyo ndiyo ngozi itakayokosekana. Alirudia mara nne. Mara ya tatu alisogeza mstari wote nje, kwa upana wa kidole. Baada ya hapo ndipo alipochora kwa dawa ya zambarau. Upande wa chini wa pembetatu ulikuwa na sentimita 5, na mzunguko ukafika karibu sentimita 25, mara tano ya upana wa jeraha. Mahali pengine mwilini mara nne huweza kutosha, lakini kichwani, kwa ugumu wa galea, panahitaji zaidi.

Shina aliliacha chini, upande wa sikio na kisogo. Mishipa mikubwa ya damu ya ngozi ya kichwa hupanda kutoka pembeni kuelekea utosini, mbele ya sikio, nyuma ya sikio, kisogoni na juu ya nyusi. Ukiacha shina juu na kukata chini umekata mto kwenye chemchemi.

Mtoto alikuwa kwenye nusukaputi. Hata hivyo, kando ya mstari ilipigwa sindano ya lidokeini, dawa ya ganzi, yenye adrenalini, tukasubiri dakika kadhaa ili mishipa isinyae, maana kichwa hutoa damu kuliko mtu anavyotazamia. Kisha kisu kikapita. Flapu iliinuliwa kwenye tabaka laini lililo chini ya galea, ambako ngozi inaachana na fupa bila ubishi, na ule utando wa fupa ukaachwa mahali pake. Ikageuzwa juu chini, daktari akaikwaruza galea kwa mistari midogo, sentimita moja baina ya mstari na mstari, kila mstari ukiilegeza ngozi kwa milimita chache. Alikwenda polepole mno. Mishipa inayoilisha flapu inapita juu kidogo tu ya galea, na kisu kikizama zaidi ya inavyopaswa unaiua kwa mkono wako mwenyewe kitu unachokijenga.

Ilipozungushwa, ukingo wa nje, wa ngozi iliyobaki mahali pake, ulikuwa mrefu kuliko ukingo wa flapu uliopaswa kuungwa nao. Hapa ndipo nilipomwona mama yangu. Anapounga duara la juu la kofia na kile kipande kinachozunguka, hukunja duara mara nne akatia alama, hukunja na kipande kile mara nne akatia alama, kisha hukutanisha alama na alama kabla ya kushona popote. Ukianzia upande mmoja ukazunguka tu, mwisho unabaki na kitambaa kilichozidi na kofia inajipinda. Daktari alitia uzi wa kwanza katikati kabisa ya ule mzunguko. Wa pili katikati ya nusu moja, wa tatu katikati ya nusu nyingine. Ziada ikagawanyika mpaka ikapotea. Nilikuwa nampa sindano, na mkono wangu ulijua ya kufuata inakwenda wapi kabla hajaomba.

Karibu na shina palibaki kikunjo kidogo cha ngozi kilichosimama kama sikio. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini hakikatwi kikawa sawa. Daktari alimwambia kipo juu ya mlango wa damu, kikikatwa leo shina linakonda, na vingi vya namna hiyo hulala vyenyewe kwa miezi. Kisipolala kitakatwa baadaye, flapu ikishapata mishipa mipya kutoka chini.

Na bado nyuma, karibu na kisogo, palibaki pengo ambalo halikufungika. Sentimita tatu kwa nne hivi. Wale wanafunzi walitazamana kana kwamba tumeshindwa. Lakini hapo chini utando wa fupa ulikuwa mzima na mwekundu. Ngozi nyembamba ya pajani ilipandikizwa juu yake, na ikashika.

Hili ndilo lililonichukua miaka kulielewa, na nalisema kwa kila muuguzi mpya anayeletwa kwangu. Flapu haiumbi ngozi. Ngozi ni ileile. Tunachokifanya ni kulihamisha tundu kutoka mahali ambapo haliwezi kuvumiliwa kwenda mahali ambapo linaweza, ama kwa sababu huko ngozi ni legevu na itajifunga, ama kwa sababu huko chini pana nyama hai ya kupokea ngozi ya kupandikiza. Kwa hiyo swali la kwanza haliwi jeraha lina ukubwa gani. Swali ni jirani gani ana cha kutoa, na akishatoa atabaki na nini. Shavuni ngozi inayovutwa inaweza kukokota ukope wa chini ukabaki wazi, jicho likakauka. Kando ya mdomo inaweza kupinda tabasamu. Nimeona kazi nzuri kabisa ya kufunika jeraha iliyomwachia mtu jicho lisilofumba, kwa sababu macho yote mezani yalikuwa kwenye tundu.

Usiku ule nilikaa na kijana mwenyewe. Niliomba zamu.

Kwenye ngozi nyeusi nilishajifunza kutotegemea rangi peke yake. Kwanza mgongo wa mkono: flapu, kisha ngozi ya upande wa pili wa kichwa, kisha flapu tena. Zinapaswa kulingana. Halafu kubonyeza kwa ncha ya kidole na kuachia, nikihesabu. Damu ikirudi kwa muda wa kama sekunde mbili ni sawa. Ikichelewa, huenda haiingii vizuri. Ikirudi ghafla mno, na ngozi imevimba na kukaza, huenda inaingia lakini haitoki, na hiyo ndiyo hali inayowadanganya watu, maana flapu iliyojaa damu mbovu huwa na joto mwanzoni. Palipo na shaka daktari huchoma kwa sindano nyembamba: tone jekundu la kung'aa lilete furaha, tone jeusi linaloruka kwa haraka lilete wasiwasi, na pasipotoka kitu mwite mpasuaji mbio. Na rangi, kama lazima utazame rangi, itazame kwenye ukingo uliokatwa, pale nyama inapochungulia, kwa taa nyeupe, na siku zote ukilinganisha na ngozi ya mtu huyohuyo. Usilinganishe na picha ya kitabu.

Kila saa nilibonyeza, nikahesabu, nikaandika. Sikuandika "nzuri". Niliandika sekunde.

Siku ya Ijumaa baba yake alikuja na kofia mpya, ya kumvisha mtoto ili watu wa mtaa wasimtazame bendeji. Ilikuwa nzuri, na mtoto aliipokea kwa mikono miwili. Ilinibidi niichukue. Kofia inayokaa sawasawa kichwani hubana mle mle nyuma ya sikio, kwenye shina. Nikamweleza yule baba kama nilivyomweleza mkewe, na nikaitundika kofia kwenye msumari mbele ya kitanda, mtoto awe anaiona. Ilikaa pale siku 11.

Katika usiku ule mrefu nilikuwa na simu, nikasoma habari niliyokuwa nimeisikia juujuu chuoni. Mwaka 1794 gazeti moja la London, The Gentleman's Magazine, lilichapa barua kuhusu mwendesha ng'ombe wa Bara Hindi aliyeitwa Cowasjee. Alikuwa akilitumikia jeshi la Waingereza, akatekwa na watu wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, wakamkata pua. Pua yake ilitengenezwa upya karibu na mji wa Pune, na aliyeitengeneza alikuwa mtu wa ukoo wa wafyatua matofali. Alifinyanga nta kwa umbo la pua, akaitandaza kwenye kipaji cha uso, akaizungushia mstari, akaikata ngozi ile akiacha shina dogo katikati ya nyusi, kisha akaizungusha chini mpaka mahali pa pua. Shina lilikatwa baada ya wiki kadhaa, ngozi iliposhika. Madaktari wa Uingereza waliisoma barua hiyo, na miaka 20 baadaye, 1814, mpasuaji Joseph Carpue akafanya vivyo hivyo London. Katika Bara Hindi kazi za namna hiyo zilikwishaandikwa karne nyingi kabla, katika maandishi ya tabibu Sushruta.

Nilifurahi mno kuisoma. Lamu tumevipokea vyombo vya Bara Hindi kwa pepo za kaskazi tangu mababu, na kitambaa cha huko kimo katika nguo zetu. Kumbe na elimu ya kuizungusha ngozi ilikaa mikononi mwa fundi wa udongo, mtu wa kazi ya mikono, wakati madaktari wa Ulaya walikuwa hawaifanyi. Na ile nta yake kwenye kipaji ni shashi yetu iliyoshikwa kwa kidole: pima kwanza, tena pima kwa kitu kitakachokwenda na kurudi.

Sikuambiwa chuoni pia namna ya kuuliza kuhusu tumbaku. Nikotini hubana mishipa midogo, ileile inayobeba uhai wa ukingo wa flapu, na daktari akipata nafasi humtaka mgonjwa aache angalau wiki nne kabla. Miaka miwili baada ya kijana yule tulimpata mzee mmoja fundi wa milango ya nakshi, aliyetolewa uvimbe wa saratani shavuni. Nilimuuliza, "Mzee, unavuta sigara?" Akasema hajapata kuvuta maishani mwake, na ilikuwa kweli. Ukingo wa flapu yake ulikufa, kidogo, kama ukucha. Siku ya tatu nilimkuta na mkewe wakitafuna tambuu, na ndani ya tambuu, pamoja na popoo na chokaa, mlikuwa na tumbaku, kama ilivyokuwa kila siku kwa miaka 40. Hakunificha. Mimi niliuliza swali la watu wengine. Sasa nauliza: unavuta, unatafuna, unanusa, unaweka chini ya ulimi?

Na kwa watoto walioungua, ambao mkono umegandamana na ubavu, nawaambia wazazi habari ya kikwapa cha kanzu. Wote wanajua kanzu isiyo na kikwapa haikuruhusu kuinua mkono. Daktari hukata pembetatu mbili zinazotazamana na kuzibadilishana mahali, na kovu lililokuwa fupi linarefuka. Sihitaji kuongeza neno.

Kijana wa Pate aliondoka na kofia yake kichwani, imelegezwa mshono nyuma na mama yangu, ambaye hakulipisha kitu. Fupa limefunikwa. Nilimwona tena mwaka uliopita, amerefuka, akisubiri zamu kwa kinyozi mmoja wa Langoni. Nilisimama mlangoni kumsalimu. Kinyozi alikuwa ameishika mashine hewani, anazunguka kiti.

"Huyu kitwa chake sikiwezi," akaniambia. "Nyee za hapa zalala kuelekea mbele, za hapa zaenda kando. Na huku nyuma pana mahali hapaoti kabisa."

Nywele husafiri na ngozi yake. Zilizokuwa kisogoni sasa ziko utosini, na bado zinaelekea zilikokuwa zikielekea. Kijana alicheka, akainamisha kichwa, akakipitisha kidole mzunguko mzima kutoka utosini mpaka nyuma ya sikio, akimwonyesha kinyozi njia ya kufuata.